Mawe tuliyoyapita miaka mingi bila ya kuyaona



Wengi wetu tukisikia neno matembezi, fikra zetu huenda kwenye safari za mbali, zenye gharama kubwa na matayarisho ya miezi. Leo tunapenda kukueleza matembezi ya namna nyingine: ya gari kuukuu, chupa ya chai, mkeka wa kuswalia na rafiki wa miaka mingi. Tunapenda pia kukueleza habari za mawe, yaani yale mawe makubwa yaliyoko kando ya barabara itokayo Dodoma kwenda Kondoa, ambayo sisi na rafiki yetu huyo tuliyapita kwa miaka mingi bila ya kuyaona.

Tusemapo kwamba hatukuyaona, hatuna maana kwamba yalifichika. Mengine ni makubwa kuliko nyumba tunazoishi. Yalikuwepo, nasi tulikuwepo, lakini kila siku tulikuwa na haraka.

Ufunguo mezani

Rafiki yetu alikuwa dereva wa lori. Kwa muda wa zaidi ya miaka 20 alichukua mizigo baina ya Dodoma na Arusha kwa njia ya Kondoa na Babati. Siku hizo ilikuwa njia ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika, na safari ya siku moja iliweza kugeuka kuwa ya siku tatu. Sisi, kwa kazi yetu ya ualimu, tulipanda lori lake mara nyingi. Tulikaa ubavuni pake tukizungumza tangu Dodoma mpaka Kondoa, naye macho yake yakiwa mbele muda wote, akitafuta shimo, korongo na mtelezo. Riziki yake ilikuwa mbele. Pembeni hakuwa na kazi napo.

Miaka michache iliyopita alianza kujigonga kwenye miimo ya milango ya nyumba yake mwenyewe. Tukamtania kwamba ni uzee. Kisha jioni moja, akiendesha gari lake dogo mjini, nusura amgonge kijana wa baiskeli aliyekuwa ubavuni mwake. Alituapia kwamba hakumwona kabisa, na alikuwa akisema kweli. Alipokwenda kupimwa, akaambiwa ana presha ya macho.

Tunalieleza jambo hili kwa kuwa linazihusu familia nyingi. Maradhi haya huharibu mshipa wa fahamu unaochukua habari kutoka kwenye jicho kuzipeleka kwenye ubongo. Mara nyingi hayaumi wala hayawashi. Huanza kula uoni wa pembeni kidogo kidogo, na hatimaye mgonjwa hubaki akiona mbele tu, mfano wa mtu achunguliaye katika bomba. Uoni uliokwisha kupotea haurudi. Dawa ya matone, na pengine upasuaji, hulinda ule uliobaki. Aliye na mzazi au ndugu wa damu mwenye maradhi haya yumo katika hatari zaidi kuliko wengine, kwa hiyo ni bora apimwe mapema, hasa akishapita umri wa miaka 40.

Siku aliyotoka hospitali, rafiki yetu aliuweka ufunguo wa gari mezani mbele ya mkewe na wanawe, akasema kwamba hataendesha tena. Hakuna aliyemlazimisha. Aliogopa damu ya mtoto wa mwenzake. Lakini tangu siku hiyo akawa mtu wa kukaa ndani. Msikitini alikuja akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake. Akimaliza kuswali huondoka, barazani hakai. Ilipopita miezi kadhaa, mkewe alituita pembeni akatuambia: "Shemeji, mwenzio ananiishia hivi hivi namwona. Mtoe nje."

"Leo hatuna mzigo"

Jumamosi iliyofuata, baada ya Swala ya Alfajiri, tulimkalisha kwenye kiti cha abiria, nasi tukashika usukani. Hatukuwa na pa kwenda. Tuliifuata barabara ya Kondoa kwa mazoea tu, na kwa mazoea vilevile tukawa tunakwenda mbio. Alituvumilia kwa muda, kisha akatugusa bega.

"Sahibu, unakimbilia wapi? Leo hatuna mzigo."

Tukapunguza mwendo. Tulipoyapita mashamba ya zabibu ya Makutupora, jua lilikuwa limekwisha chomoza upande wetu wa kulia, na mwanga wake ukaangukia vilima vya upande wake wa kushoto. Akasema tusimame. Akakigeuza kichwa taratibu, kipande baada ya kipande, kwani ndivyo alivyolazimika kutazama. Kilikuwa kilima kidogo kilichobeba rundo la mawe ya mviringo, na lile la juu kabisa lilikuwa limekaa juu ya jingine kwa kugusana mahali padogo, kama yai juu ya ngumi.

"Nani aliyelipandisha pale?" akauliza.

Tulikaa kimya sote wawili. Tulikuwa tumepita hapo mara zisizo na hesabu, na swali hilo hatukuwa tumewahi kujiuliza. Tuliporudi mjini tukaanza kusoma na kuuliza wajuzi wa miamba, na tuliyoyapata ndiyo haya.

Sehemu kubwa ya mawe ya Dodoma ni ya aina iitwayo matale, ambayo wengine huitaja kwa jina la graniti. Yamo katika kipande cha ardhi kilicho kikongwe mno hapa Afrika Mashariki, chenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mawe hayo hayakuzaliwa juu ya ardhi. Yalikuwa uji wa moto chini kabisa, ukapoa polepole hata ukaganda, na kwa sababu ya kupoa polepole chembe zake zikapata nafasi ya kukua. Ndiyo maana ukilikaribia jiwe la matale unaziona chembe hizo kwa macho: nyeupe, nyeusi na za rangi ya waridi, zimeshikamana pamoja.

Mwamba ule ulipokuwa bado umefunikwa na udongo ulikuwa na nyufa, nyingine za kusimama na nyingine za kulala, zikaugawa katika mapande. Maji ya mvua yakapenya katika nyufa hizo na kuulainisha mwamba kidogo kidogo. Sasa fikiri mche wa sabuni unaotumika kila siku. Pembe zake ndizo zinazokwisha mwanzo, kwa kuwa pembe huliwa kutoka pande tatu na hali uso huliwa kutoka upande mmoja. Na pande la mwamba ni hivyo hivyo: pembe zake huliwa mwanzo, likabaki duara. Baada ya hapo, kwa muda mrefu usiokadirika na akili zetu, mvua na upepo vikauchukua udongo uliolizunguka, na mawe yakabaki yamekaa moja juu ya jingine.

Tulipomweleza rafiki yetu habari hii, alinyamaza, kisha akacheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. "Kumbe hayakupandishwa," akasema. "Ni udongo ulioshuka."

Tangu siku hiyo Jumamosi zetu zikapata kazi. Tulijifunza kutofautisha mawe yaliyobandukabanduka kama maganda ya kitunguu, kwa sababu mwamba uliokuwa umeelemewa na uzito wa udongo hutanuka na kupasuka unapotuliwa mzigo huo. Tulijifunza kwamba jiwe moja lina sura ya asubuhi na sura ya jioni. Tukazikumbuka aya za Surat Fatir zinazotaja mistari ya rangi mbalimbali katika milima, na aya za Surat Al-Ghashiya zinazotuuliza kuhusu milima namna ilivyosimamishwa. Aya hizo tulizisoma tangu utotoni chuoni. Tunakiri kwamba tulizisoma namna tulivyopita barabara ile, kwa haraka ya kufika mwisho.

Kokoto za nyumba zetu

Jumamosi moja tuliuona moshi kwenye kilima tulichokuwa tumekipenda. Tukadhani ni mkaa. Tulipokaribia tukawakuta kina mama na vijana wamewasha moto juu ya mwamba, maana jiwe likishapata moto sana hupasuka na kubanduka, kisha huvunjwa kwa nyundo hata likawa kokoto. Chini ya turubai alikaa mama mmoja mwenye kitoto mgongoni, akiponda, na mbele yake mafungu ya kokoto yamepangwa yakingoja mnunuzi.

Tulitaka kusikitika kwa ajili ya kilima. Rafiki yetu akatuzuia. Alimsalimia yule mama, akamwuliza hali ya biashara, akajibiwa kwamba tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 nyumba zinajengwa kila upande na kokoto zinatakiwa. Tuliporudi garini akatuambia: "Zege la msingi wa nyumba yangu lilitoka katika kilima kama hiki. Na la nyumba yako pia. Mimi ndiye niliyelibeba."

Hatukuwa na la kujibu, na hatutaki kukupa jawabu jepesi, ndugu msomaji. Mama yule analisha watoto kwa halali, tena kwa jasho zito. Lakini ni kweli vilevile kwamba jiwe lililochukua mamilioni ya miaka kujitokeza humalizika kwa msimu mmoja, wala halioti tena. Tulilolipata ni hili: ikiwa mawe yaliyo karibu na mji yanaondoka kwa haja zetu wenyewe, basi na tuyatazame yangalipo, tuwaonyeshe watoto wetu, na yale yaliyo na hadhi ya pekee tuyalinde kwa nguvu zaidi.

Safari ya Kolo

Mawe yenye hadhi hiyo hayako mbali. Rafiki yetu alikuwa akituambia kwamba siku zote alikiona kibao kijijini Kolo kinachoelekeza kwenye michoro ya kale, na kila alipokiona alisema atasimama safari ijayo. Safari ijayo haikufika kwa miaka 20. Safari hii alisema mwenyewe: "Twende, kabla ya hiki kibomba changu hakijazibika."

Tuliondoka Dodoma Ijumaa asubuhi. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2018, ina urefu wa kilomita zipatazo 250. Pale ambapo rafiki yetu alikuwa akilala njiani kwa tope, sisi tulipita tukinywa chai. Alizijua kona zote kwa moyo. Alikuwa akitutajia kilima kabla hatujakiona, na pengine palipokuwa na kilima katika kumbukumbu yake sisi tulikuwa tumekwisha kipita. Tulifika Kondoa mapema, tukaswali Ijumaa pamoja na Warangi wa mji huo, ambao wengi wao ni Waislamu, na hapo alikutana na wazee wawili aliokuwa akiwashushia mizigo zamani. Usiku ule tulilala tumechelewa kwa mazungumzo.

Asubuhi tulikwenda Kolo, kiasi cha kilomita 25 kaskazini ya Kondoa. Njiani utayaona makorongo mekundu yaliyochimbwa na maji. Mmomonyoko katika sehemu hizo ulikuwa mkubwa kiasi cha kuwa mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika ili nyasi na miti ipate kurudi. Tulikumbuka maneno ya udongo ulioshuka. Udongo ukishuka polepole hutuachia mawe ya kupendeza. Ukishuka kwa haraka, kwa makosa ya wanadamu, hutuachia njaa.

Michoro ya miamba ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Eneo lake ni kubwa, na ndani yake mna zaidi ya mahali 150 penye miamba iliyoinama na kufanya kivuli, ambamo watu wa kale walichora kwa muda usiopungua miaka 2,000. Mtaalamu Mary Leakey aliinakili mingi kati ya michoro hiyo mwaka 1951, na kitabu chake juu yake kilitoka mwaka 1983. Mingi ni ya rangi nyekundu, itokanayo na udongo wenye chuma, na inanasibishwa na jamii za wawindaji. Mingine ni myeupe, na hiyo ni ya baadaye zaidi.

Mgeni hapandi peke yake. Huanzia ofisini pale kijijini, akapewa kijana wa kumwongoza. Kijana wetu aliamkia shikamoo, akamwona rafiki yetu anavyokanyaga, akachukua mkono wake bila ya kuambiwa. Kilima chenyewe kinaitwa Mungomi wa Kolo, na kipande cha mwisho ni cha kupanda kwa miguu. Tulipumzika mara tatu. Tulipofika chini ya mwamba ulioinama, rafiki yetu alikuwa akihema, na mkono wake ulikuwa umekwisha nyooka kwenda ukutani.

"Samahani, babu," kijana akasema. "Usiguse."

Tunakiri kwamba tulikasirika kwa niaba yake. Mtu amekuja mwendo wote huo, macho yake yanamtoka, na mkono ndio jicho lake la pili! Tulitaka kumwombea ruhusa ya mara moja tu. Kijana akaeleza kwa adabu kwamba mafuta na jasho la mkono huila rangi, na kwamba kila mgeni huomba mara moja tu. Akatuonyesha pia mashimo yaliyochimbwa na watu wanaotafuta dhahabu inayosemekana ilifukiwa na Wajerumani. Ni kweli kwamba mwaka 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali van Deventer lilipambana na jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck hapo Kondoa. Dhahabu ni hadithi, lakini mashimo si hadithi.

Rafiki yetu akaurudisha mkono wake mfukoni. "Anasema kweli," akatuambia. "Mzigo wa watu haufunguliwi njiani."

Basi akasimama hatua mbili kutoka ukutani, akaanza kutazama kwa namna yake, kipande baada ya kipande. Aliona kwanza kichwa kidogo chenye pembe mbili fupi. Akashuka polepole na shingo, akashuka, akashuka. "Twiga!" akasema kwa sauti ya mtoto. Sisi tulikuwa tumekwisha mwona twiga huyo kwa mtupo mmoja wa jicho na kumwacha. Yeye alikaa naye. Kisha, akiwa bado katika sehemu ile ile, akauliza, "Na huyu mwembamba aliye nyuma yake ni nani?"

Tukatazama, hatukuona kitu. Kijana naye akasogea. Pale, katika wekundu uliofifia karibu kulingana na mwamba wenyewe, palikuwa na umbo la mtu mrefu, mwembamba. Sisi wenye macho mapana tulikuwa tumeliruka, kwa sababu tulikuwa tunatazama kila kitu kwa pamoja. Kijana alicheka akasema kwamba wageni wengi hulipita.

Tulipokuwa tukishuka, rafiki yetu alisimama kwenye jiwe kubwa lisilo na mchoro wowote, akamwuliza kijana kama hilo laweza kuguswa. Akaruhusiwa. Akaweka viganja vyote viwili, akakaa hivyo kwa muda. Jua lilikuwa limelipasha moto. Hatukumwuliza anawaza nini.

Kwa familia zetu

Ndugu msomaji, huhitaji kuwa Dodoma. Wa Mwanza wanalo jiwe la Bismarck lililosimama majini, wa Iringa wanalo Gangilonga, wa Kisumu wanalo Kit Mikayi. Yote hayo ni matale. Chagua siku moja, ondoka mapema, chukua maji ya kutosha, chakula na mkeka, na usipange kufika mbali. Palipo na michoro au athari za kale, mfuate mwongozaji. Usiguse, usimwagie maji ili picha ing'ae, wala usimwache mtoto aandike jina lake. Usiache taka. Na kama nyumbani kwako yumo mzee aliyezoea kwenda na sasa amekuwa wa kukaa, mkalishe kwenye kiti cha mbele, umwulize njia. Umpeleke pia akapimwe macho, na wewe mwenyewe upimwe.

Jumamosi iliyopita tulikuwa njiani tena, na mjukuu wake amekaa nyuma. Tulipoyapita mashamba ya zabibu tukawa tumesahau, tunakwenda mbio. Mtoto akatugusa bega kutoka nyuma, akasema, "Babu anasema leo hatuna mzigo."

Tukasimama.

Wabillahi tawfiq.